Bisi, karanga na adabu ya sinema: nani alituambia tunyamaze?

Nilipotea wiki mbili hivi, testi zilikuwa zinafuatana kama daladala za Mwenge saa kumi na moja jioni, sasa angalau napumua. Leo siongelei bumu wala foleni ya kantini. Naongelea sinema, na hasa mdomo wa mtu akiwa sinema: unaotafuna na unaopiga kelele.

Chanzo ni ubishi wa kwenye chumba cha TV cha hosteli. Watu wanaangalia filamu ya ngumi, nyuma wamekaa washkaji na karanga zao wanamwelekeza stelingi, "geuka nyuma wewe, anakuja huyo!", na jamaa mmoja wa mbele akashindwa kuvumilia. Akatangaza kwamba sinema ina adabu yake, kwamba wenzetu Marekani wanakaa kimya na bisi zao tangu enzi na enzi, na sisi ni washamba tu. Wengine wakamshangilia, wengine wakamzomea. Mimi nasoma ualimu wa historia, nikaona hapo nimechokozwa. Tangu enzi zipi hizo? Nikaingia maktaba, na ninachoweza kusema kabla hujachoka ni hiki: hiyo adabu haikuletwa na ustaarabu. Ililetwa na wenye kumbi waliokuwa wanapiga hesabu, na kila hesabu ilipobadilika, adabu nayo ilibadilika.

Tuanzie Pittsburgh, Marekani, Juni 1905. Harry Davis na John P. Harris walifungua kiukumbi cha kuonyeshea filamu wakakiita Nickelodeon, kwa sababu kiingilio kilikuwa sarafu ya nikeli, yaani senti 5. Ndani ya miaka michache kumbi za namna hiyo zikaota kila mji kama uyoga. Wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wahamiaji, baadhi Kiingereza hakipandi kabisa, na filamu zenyewe zilikuwa bubu na fupi fupi. Hakukuwa na habari ya "picha inaanza saa mbili kamili". Unaingia muda wowote, unakaa, zinazunguka mpaka zinafika pale ulipozikuta, unainuka unakwenda zako. Katikati waliweka slaidi za nyimbo, ukumbi mzima unaimba. Anayejua kusoma anawasomea jirani zake maandishi ya kwenye skrini. Na kofia je? Mwaka 1909 D.W. Griffith alitengeneza kifilamu kizima, Those Awful Hats, cha kuwasuta kina mama waliokuwa wanaingia na makofia makubwa na kuwaziba wenzao. Humo dude kama kreni linashuka kutoka juu linanyakua kofia, na mama mmoja ananyanyuliwa juujuu na kofia yake. Kama watu walikuwa wametulia, hicho kifilamu kilikuwa cha nini?

Hao ndio wale wenzetu wa tangu enzi na enzi. Teh teh!

Sasa bisi. Bisi zilikuwepo kabla ya sinema, zikiuzwa kwenye sarakasi, kwenye mechi, kwenye maonyesho ya mitaani. Charles Cretors wa Chicago alibuni mashine ya kukaangia bisi kwa nguvu ya mvuke, akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini kwake mwaka 1893. Uzuri wa mashine za aina hiyo ni kwamba zinaweza kuwekwa kwenye mkokoteni. Muuzaji anaisukuma mpaka penye watu, harufu inafanya kazi ya kutangaza biashara. Na penye watu, kuanzia 1905, ni wapi? Nje ya ukumbi wa sinema. Kwa hiyo bisi na sinema zilikutana barabarani, siyo ndani.

Ndani zilipigwa marufuku. Miaka ya 1910 na 1920 wenye kumbi waliwataka matajiri na watu wa tabaka la kati, wakaanza kujenga majumba kama makasri ya wafalme: mazulia mekundu, taa za vioo, vijana wa sare wa kukuonyesha kiti. Roxy ya New York, iliyofunguliwa 1927, ilikuwa na viti karibu 6,000. Ukishatandika zulia la namna ile unataka mtu akumwagie bisi? Bisi zilionekana ni mambo ya sarakasi, mambo ya watu wa senti 5. Baadhi ya kumbi ziliweka matangazo kwamba mteja aache bisi zake mapokezi pamoja na koti lake. Kumbuka hilo la mapokezi, nitalirudia.

Mwaka huohuo wa 1927 ikatoka The Jazz Singer, na filamu zikaanza kuongea. Hapo ndipo ukimya ulipoingia kweli kweli. Filamu bubu unaweza kuipigia stori usipoteze kitu, ila filamu inayoongea ukimwongelesha jirani yako mtu wa nyuma anakosa neno. Watazamaji wenyewe wakaanza kuambiana "shhh". Halafu angalia utani wa historia: sauti ileile iliyowafunga watu midomo ndiyo iliyoficha sauti ya kutafuna. Ile sababu ya kwamba bisi zina kelele ikafa.

Kilichobaki kilikuwa uringaji, na uringaji uliuawa na njaa. Oktoba 1929 soko la hisa New York likaanguka, ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakakosa kazi, kumbi zikaanza kufungwa. Bisi za senti 5 au 10 zilikuwa starehe ambayo hata aliyefulia aliimudu. Kansas City kulikuwa na mama mmoja, Julia Braden, aliyemshawishi mwenye Linwood Theatre amruhusu aweke kibanda cha bisi ndani, pale ukumbi wa mbele. Kufikia 1931 alikuwa na vibanda vinne vya sinema vinavyomwingizia zaidi ya dola 14,400 kwa mwaka. Katikati ya ukata wote ule! Wenye kumbi nao wana macho. Kwanza waliwakodisha wauzaji nafasi ya mlangoni, baadaye wakajiuliza, hivi huyu wa kati wa nini? Wakanunua mashine zao. Kampuni moja ya sinema ya Dallas iliweka mashine za bisi kwenye kumbi zake 80, lakini ikaziacha zile tano za kifahari, kwamba hizo ni za watu wa heshima. Baada ya miaka miwili zile za bisi faida ilikuwa imepaa, na zile tano za heshima zilikuwa zinakula hasara.

Mimi hicho kisa cha Dallas nimekisoma mara tatu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, sukari ikawa ya mgawo na pipi zikaadimika, bisi zikabaki peke yake uwanjani. Kufikia 1945 zaidi ya nusu ya bisi zote zilizoliwa Marekani zililiwa ndani ya sinema. Kitu kilichokuwa uchafu mwaka 1925 kilikuwa utamaduni wa taifa mwaka 1945. Na yule wa mkokoteni wa nje? Ndipo ikashika ile sheria tunayoijua wote, usiingie na chakula cha nje. Pesa ya tiketi sehemu kubwa inakwenda kwa wenye filamu, ya bisi inabaki kwa mwenye ukumbi, kwa hiyo anailinda kama mboni ya jicho.

Hata kuwahi ni kwa juzi tu. Tabia ya kuingia katikati ya picha iliendelea kwa miaka mingi, mpaka Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 akashikilia kwamba picha ikishaanza mlango umefungwa. Watu wakapanga foleni nje. Lilikuwa jambo la kutangazwa kwenye mabango, maana lilikuwa geni.

Turudi kwetu sasa, maana pwani yetu haikuchelewa. Royal Theatre ilifunguliwa Unguja mwaka 1921, ikaja kuitwa Majestic, ikaungua, ikajengwa upya katikati ya miaka ya 1950. Waliomiliki kumbi nyingi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na picha zilizotikisa ni za Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, Reel Pleasures (2018), na ukikisoma utaona watu wanaokwenda sinema Jumapili wamevaa kama wanakwenda harusini, walanguzi wa tiketi mlangoni, na maonyesho ya wanawake peke yao. Awara ya Raj Kapoor ya 1951 watu waliiona na kuirudia mpaka nyimbo wakazikariri bila kujua Kihindi. Picha ya saa tatu yenye nyimbo, unategemea mtu akae kama yuko kwenye mtihani? Watu waliimba, walilia, walimwonya binti asimwamini yule mwovu.

Na picha ya saa tatu ina intavali. Hapa ndipo naingia nyumbani. Shangazi yangu aliuza karanga nje ya sinema moja ya Tanga miaka ya 1970. Anasema picha ya ngumi inauza, picha ya kulia haiuzi, maana watu wanatoka intavali na leso badala ya hamu. Ilipokuja Enter the Dragon ya Bruce Lee ya 1973 alikaanga debe zima na bado zikamwishia. Koni za gazeti, kulia za chumvi, kushoto kashata, pembeni mwenzake na mihogo ya pilipili. Kwenye hizo koni ndimo ilimotoka ada ya baba yangu mdogo. Mwenye ukumbi hakuwafukuza, lakini hakuna hata siku moja aliyowaruhusu kuvuka geti.

Kuhusu kuambiwa hatujui kutazama, hilo nalo lina historia yake, na sisi wa ualimu linatuhusu. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza, Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri huko Usambara. Walizunguka na lori Afrika Mashariki na ya Kati kuonyesha filamu za kilimo, afya na kadhalika. Wakoloni wengi wa wakati ule waliamini Mwafrika anahitaji filamu za polepole na rahisi, eti akili yake haijazoea picha. Huku Unguja na Dar watu wanakata tiketi kwa pesa yao kwenda kuona picha za mji mzima. Jamaa yetu wa chumba cha TV amerithi mawazo hayohayo bila kujua.

Kwani kuongea juu ya filamu kumewahi kuwa kazi ya kulipwa! Japani enzi za filamu bubu walikuwepo watu waitwao benshi, wanasimama pembeni ya skrini wanasimulia, wengine wakawa na majina makubwa kuliko waigizaji, mpaka sauti ilipokuja ikawanyima mkate miaka ya 1930. Kwetu ilikwenda kinyume. Video zilipoingia miaka ya 1980 na TV Bara mwaka 1994, kumbi zikaanza kufa, vibanda vya video vikachukua nafasi, na humo wakazaliwa wasimulizi. Nani hamjui Lufufu? Uganda wana mavijei wao, Kenya wana DJ Afro. Mtafiti Matthias Krings, Mjerumani, aliandika makala juu ya kazi hii hapa Tanzania na kichwa chake kinasema ni kugeuza wali kuwa pilau. Mimi nasema hapo alipatia.

Vibanda vilirudisha karanga pia, maana hapo hakuna wa kukupekua. Kwenye kumbi mpya ni habari nyingine. Nilikwenda ukumbi mmoja, jina naliacha, mlangoni mlinzi akafungua mkoba wangu akatoa pakiti ya karanga, akaniambia nitaichukua nikitoka. Mapokezi, kama New York ya mazulia! Tofauti ni kwamba zile walizokataza wao ndizo hizi wanazouza hawa, na bakuli dogo lilikuwa linakaribia bei ya tiketi. Nilikaa kimya picha nzima, ila siyo kwa adabu, ni njaa.

Likizo nilimsimulia shangazi habari za mama Braden wa Kansas City. Za Roxy hazikumsisimua, za Hitchcock hazikumsisimua. Aliponyanyua kichwa ni pale pa kibanda cha ndani. "Alimwambia nini mwenye sinema?" akauliza. "Sisi tulimwomba Mhindi wetu kivuli tu cha kukaa mvua ikinyesha, akasema nje ni nje."

Nimeanza daftari la habari hizi. Kama mama au bibi yako aliwahi kuuza chochote kwenye geti la sinema, iwe Moshi, Mwanza, Mombasa au popote, muulize aliuza nini, kwa bei gani, na picha ipi ilimmalizia sinia, halafu niandikie.