Mwanariadha na Saa Yake

Paavo Nurmi wa Ufini hakusubiri kuambiwa amekimbiaje. Miaka ya 1920 aliingia uwanjani na saa ya kupimia muda mkononi, akiichungulia kila mzunguko. Paris mwaka 1924 alitwaa dhahabu ya mita 1,500 na ya mita 5,000 siku moja, na kati ya fainali hizo haikupita hata saa nzima. Inasimuliwa kwamba akishaona mambo yameiva, saa aliitupa nyasini.

John Landy wa Australia hakuwa na pa kuitupa ya kwake. Desemba 1952 alikimbia maili kwa dakika 4:02.1, na tangu hapo kila mtu akawa anasubiri azivunje dakika nne. Akajifua mwaka mzima. Desemba 1953: 4:02.0. Alikuwa akishinda mbio zake, tena kwa mbali, lakini aliwaambia waandishi kwamba sekunde hizo mbili kwake ni ukuta wa matofali. Mshindi, lakini maneno ni ya mtu aliyeshindwa.

Mei 6, 1954, Roger Bannister wa Uingereza akapita kwa 3:59.4 mjini Oxford. Siku 46 baadaye, mjini Turku, Landy akakimbia 3:58.0. Wengi husema Bannister ndiye aliyemtoa hofu. Huenda, ila mimi namtazama zaidi Chris Chataway, aliyekuwa akimfukuzia Landy siku ile. Kwao Australia, Landy alizoea kukimbia kama yuko peke yake, hana wa kushindana naye ila saa.

Saa zenyewe zikazidi ukali. Munich 1972, katika kuogelea mita 400 mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden alimpita Tim McKee wa Marekani kwa sekunde 0.002, sawa na milimita 3 hivi za maji. Baadaye kanuni ikabadilishwa, wanaolingana kwa sehemu ya mia ya sekunde wakawa wanagawana nafasi. McKee alibaki na fedha yake.

Kisha Christchurch, Februari 2, 1974. Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka mwanzoni mwa mita 1,500, akaongoza hadi mwisho: 3:32.16. John Walker, mbele ya watu wake wa New Zealand, alifika kwa 3:32.52. Rekodi ya dunia ilikuwa 3:33.1, ya Jim Ryun wa Marekani. Kwa hiyo Walker aliipiku rekodi ya dunia na bado akaondoka na fedha. Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Haikutimiza miezi mitatu: Agosti, mjini Göteborg, Walker alikimbia 3:49.4, safari hii akiwa wa kwanza.