Kirukia na Mzizi

 Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya mmea mmoja ambao wengi wetu huupita kila siku bila kuuangalia. Mmea huo ni kirukia.

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi, ukapita Makumbusho, ukapanda Westlands, kisha ukaifuata barabara ya Waiyaki mpaka Kangemi na Kabete, inua macho yako utazame miti. Wakati wa kiangazi, miti mingine ikiwa imepukutisha majani, utaona juu ya tawi fungu la majani mabichi, mfano wa kiota kikubwa. Asiyejua atasema, "Tazameni, mti huu ungali na afya." Kumbe majani yale si ya mti ule. Ni ya mgeni. Wazee wa lugha yetu waliupa mmea huu jina liufaalo sana: kirukia, yaani kitu kirukiacho kingine.

Sisi tulifundishwa jambo hili katika kiwanja cha kanisa letu, upande wa magharibi wa jiji. Nyuma ya jiko la kanisa palikuwa na mparachichi wa zamani. Tulikuwa tukiusifu, kwa kuwa hata katika miezi ya ukame ulikuwa na majani yenye kung'aa na maua mekundu membamba, na kila asubuhi ndege chozi walikuja kufyonza utamu wake. Siku moja mama mmoja mzee wa ushirika wetu, ambaye sote humwita Shosho, alisimama chini yake akatazama juu. Akatuuliza, "Wanangu, ni lini mara ya mwisho mlipokula tunda la mti huu?" Tukanyamaza. Hakuna aliyekumbuka.

Sasa, kirukia hufikaje juu ya mti? Hakina mabawa. Huletwa na ndege. Hapa Afrika mpanzi wake mkuu ni ndege mdogo sana, ambaye mlio wake ni tonk, tonk, tonk, kama fundi wa mabati agongaye nyundo bila haraka. Ndege huyo humeza tunda la kirukia, nyama ya tunda ikamtosha, kisha huitapika mbegu. Lakini mbegu ile ina utomvu unaonata kama ulimbo, nayo haimtoki mdomoni kwa urahisi. Basi hana budi kuupangusa mdomo wake juu ya tawi, na mbegu hubaki imegandama pale pale. Warumi wa kale, ambao walitengeneza ulimbo wa kunasia ndege kwa matunda ya kirukia cha kwao, walikuwa na msemo kwamba ndege hujipandia mwenyewe mauti yake. Nasi twasema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mbegu ikiisha kugandama, huchipua bila kungoja udongo. Hutoboa gome la mti, ikaingia mpaka kwenye mbao, na huko huvuta maji na chumvi ambazo mti umezitafuta kwa jasho chini ya ardhi. Kwa kuwa kirukia kina majani ya kijani, hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua. Si mwizi wa kila kitu. Lakini maji yote ni ya mwenyeji wake. Tena, maji yakiwa haba, mti hufunga matundu madogo ya majani yake ili kuyaweka akiba, lakini kirukia huendelea kutumia kana kwamba mvua ingali inanyesha. Ndiyo sababu wakati wa kiangazi kirukia ndicho kinachopendeza kuliko mti. Mara nyingi sehemu ya tawi iliyo mbele yake hukauka. Na mti wenyewe ukifa, kirukia nacho hufa, kwa maana hakina mzizi wake ardhini.

Hata hivyo, ndugu, tusikihukumu upesi. Huko Australia wataalamu waliviondoa virukia vyote katika sehemu fulani za misitu, wakaviacha katika sehemu nyingine, kisha wakahesabu ndege kwa miaka kadhaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Pale vilipoondolewa, aina za ndege zilipungua, hata za wale wasiokula matunda yake, kwa kuwa majani ya kirukia yaangukapo hurutubisha ardhi na kulisha wadudu ambao ndege huwala. Muumba hakukosea alipokifanya. Kina kazi yake msituni.

Wanadamu nao walikiona tangu zamani, wakakistaajabia. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika habari za makuhani wa Wagali, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Asema kwamba walipokiona kirukia juu ya mwaloni, kuhani aliyevaa nguo nyeupe aliupanda mti katika siku ya sita ya mwezi mwandamo, akakikata kwa mundu wa dhahabu. Wenzake walikidaka kwa vazi jeupe kisiguse chini, kisha wakatoa dhabihu ya mafahali wawili weupe. Na watu wa kaskazini ya Ulaya walisimulia juu ya Baldr, mwana wa mungu wao Odin. Mama yake alivilisha kiapo vitu vyote duniani kwamba havitamdhuru mwanawe, lakini akakiacha kirukia, akikiona kichanga mno. Adui akakichukua kirukia hicho hicho, akakitia mkononi mwa kipofu, na Baldr akauawa nacho. Hadithi hiyo iliandikwa huko Iceland yapata mwaka 1220.

Kwa nini mmea mdogo hivi ukapewa heshima kubwa hivyo? Twaona sababu mbili. Katika baridi ya Ulaya mwaloni hubaki mtupu, lakini kirukia hukaa kibichi, na watu wakadhani kwamba uhai wa mti umejificha ndani yake. Tena hakuna mtu aliyekipanda. Kilitoka juu, kikakaa kati ya mbingu na nchi. Karne nyingi zikapita, watu wale wakawa Wakristo, na ibada ile ikasahauliwa. Lakini tawi lenyewe likabaki. Waingereza walilitundika nyumbani wakati wa Krismasi, vijana wakabusiana chini yake, na likachorwa katika kadi za Krismasi pamoja na matunda yake meupe. Kadi hizo zilifika hata Nairobi, na hakuna aliyeziogopa.

Turudi sasa kwenye vilima vyetu vya Kikuyu, Kabete na Dagoretti. Hapa pia palikuwa na mti usiopandwa na mtu, uliokuja kwa ndege. Huo ni mugumo. Mbegu yake huliwa na ndege ndani ya tunda, ikadondoshwa penye panda ya mti mwingine, ikachipua huko juu. Wazee wa Wagikuyu walikusanyika chini ya mugumo, wakauelekea mlima Kirinyaga, wakamwomba Ngai mvua na kutoa kondoo wa rangi moja. Kuukata mugumo kulikuwa mwiko. Habari hizi ziliandikwa na Jomo Kenyatta katika kitabu alichokitoa London mwaka 1938. Naye alikuwa mwanafunzi wa misheni ya Thogoto, akabatizwa huko mwaka 1914.

Misheni ya Waskoti ilikuwa imefika Kikuyu mwaka 1898. Wakristo wa kwanza walifundishwa kuyaacha maombi ya chini ya mugumo, nao wakayaacha, wengine kwa kutengwa na jamaa zao. Hatuwalaumu wamisionari wale, wala hatumwiti mtu arudi kuuabudu mti. Lakini ni haki kulisema jambo hili wazi: tawi takatifu la mababu wa Wazungu liliingia sebuleni kama pambo, na mti mtakatifu wa babu zetu ukahesabiwa kuwa hatari. Mimea yote miwili ililetwa na ndege. Hakuna hata mmoja ulio na dhambi. Dhambi na imani ziko moyoni mwa mtu.

Mwaka 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa kutoka Mlolongo hadi Westlands, miti mingi ya kando ya njia ilikatwa. Mugumo mmoja wa miaka zaidi ya mia, wenye kimo cha nyumba ya ghorofa nne, ulisimama kando ya barabara ya Waiyaki, nao ulikuwa umepangiwa kuondolewa. Watu wakalalamika, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikatoka amri ya serikali kwamba usiguswe. Wengi waliofurahi walikuwa Wakristo. Waliupenda mti bila kuuabudu, na twaona kwamba huko ni kukomaa.

Lakini iko tofauti moja kati ya kirukia na mugumo ambayo twaomba mwishike. Mugumo huanza maisha yake juu ya bega la mwingine, lakini haunywi maji ya mwenyeji wake. Tangu ukiwa mchanga huteremsha mizizi yake, myembamba kama kamba, polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka iguse udongo. Siku igusapo udongo, mugumo husimama kwa miguu yake. Tusijidanganye: mizizi hiyo huweza kumkaba mwenyeji hata akafa. Mugumo nao si malaika. Lakini unajua njia ya kwenda ardhini, na kirukia hakiijui.

Kanisa letu la Kenya nalo lilianza juu ya bega la wengine. Mwaka 1971 Kasisi John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, alisema akiwa Marekani kwamba ingefaa wamisionari na fedha za ng'ambo visimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kujitambua. Wengi walishtuka. Wengine walidhani kwamba amekosa shukrani. Lakini kanisa lake lilikuwa limeshika neno moja, Jitegemea, na neno hilo lamaanisha kuteremsha mizizi.

Sisi tulilisikia neno hilo mara nyingi bila kulielewa, mpaka barua ilipotufikia. Kwa miaka mingi mshahara wa mwinjilisti wetu ulikuwa ukilipwa na marafiki wa mbali. Barua ikasema kwa upole kwamba msaada utakoma mwisho wa mwaka. Katika kikao cha wazee tulikasirika. Tulihesabu mambo ambayo wangepaswa kututendea. Ndipo mmoja wetu akakumbuka swali la Shosho, akauliza, "Ni lini mara ya mwisho tulipozaa tunda sisi wenyewe?" Tukanyamaza mara ya pili. Tulikuwa na kwaya, sare, na jengo lililopakwa rangi. Tulikuwa wa kijani kibichi. Lakini maji yalikuwa ya wengine.

Labda msikilizaji atauliza, "Je, kuishi kwa shina la mwingine si ndiyo hali ya kila Mkristo?" Ni swali jema. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 11, Mtume Paulo atufananisha sisi mataifa na tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa katika mzeituni mwema, naye atuonya tusijisifu juu ya matawi. Kweli, sote twanywa katika mzizi tusioupanda. Lakini tawi lililopandikizwa lilitiwa pale na mkulima, na linazaa matunda yanayovunwa pamoja na ya mti. Kirukia huzaa pia, lakini matunda yake hayaingii kikapuni mwa mkulima. Ndege huyachukua, yakawa kirukia kingine juu ya tawi jingine.

Basi tulifanya nini? Shosho alitufundisha kwamba kuyachuma majani ya kirukia hakusaidii, kwani sehemu iliyomo ndani ya mbao hubaki. Ni lazima tawi lenyewe likatwe, chini kabisa ya pale kilipogandama. Tulikata matawi matatu ya ule mparachichi, na mti ulionekana mbaya sana. Mwinjilisti wetu naye alikaa miezi mitatu akipokea nusu ya mshahara. Watu walileta mahindi, mayai, na shilingi walizokuwa nazo. Mwezi wa nne mshahara ulitimia. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa zamani, lakini kila mmoja wetu alijua umetoka wapi.

Na ule mparachichi, msimu wa pili baada ya kukatwa matawi yake, ulizaa maparachichi 11. Tuliyahesabu. La kwanza tulimpelekea Shosho.

Wapendwa, kesho mwendapo kazini, mkiwa ndani ya matatu au kwa miguu, inueni macho mtazame miti ya jiji letu. Mkiona fungu la kijani juu ya tawi kavu, msikitukane kirukia, kwani kina kazi yake. Lakini kila mmoja na ajiulize kimya kimya: imani yangu yanywa maji ya nani? Ya mama yangu aniombeaye? Ya mchungaji wangu? Na siku mti huo utakapoanguka, mzizi wangu utakuwa umegusa udongo?

Mungu awabariki, awakuzie mizizi. Kwaherini mpaka juma lijalo.