Amri Ifaayo Kutumika Tena: Funzo la Milima ya Uluguru

Kazi ya msimamizi wa mifumo ya kompyuta ni kazi ya utawala. Chini ya mkono wake zipo mashine kumi, mia, au zaidi, na kila moja yataka kutunzwa: nakala za akiba zichukuliwe, akaunti za wageni zifunguliwe, za waliohama zifungwe. Afanyaye kazi hizo kwa kupiga amri moja moja huchoka, na aliyechoka hukosea. Kwa hiyo huziandika amri zake katika faili moja, liitwalo skripti, kisha huiagiza mashine ilifuate. Shida ya ufundi huo si kuandika amri itendayo kazi leo. Ni kuandika amri itakayofaa tena kesho, katika mashine nyingine na mkononi mwa mtu mwingine. Shida hiyo ni kongwe kuliko kompyuta, na historia ya Morogoro yaifafanua vema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza katika Tanganyika iliingiwa na hofu juu ya udongo wa Uluguru. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na Mto Ruvu huanzia humo kabla ya kushuka hadi pwani. Ukaanzishwa mpango wa matumizi ya ardhi, na nguzo yake ilikuwa amri: kila mwenye shamba akate matuta ya ngazi kuukinga mteremko, wala asichome majani ovyo. Katika miaka ya kwanza ya 1950 amri hiyo ilienezwa kutoka bonde hadi bonde, na atakayeikaidi alijua kwamba atashtakiwa.

Lakini Uluguru si shamba moja. Upande wa magharibi, huko Mgeta, hali ya hewa ni ya baridi. Watu hulima mboga, huzinywesha kwa maji ya mifereji, na kuziuza mjini. Hapo ngazi humlipa mkulima jasho lake, na hata leo zaonekana zikilimwa. Upande wa mashariki, huko Matombo, watu walitegemea mahindi na mpunga wa mlimani. Udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba la juu, na jembe lililokata ngazi lililifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo usiozaa. Tena ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu aliyelima shamba la ukoo usio wake hakuwa na hakika kwamba ngazi alizozikata zingemfaa yeye au watoto wake. Amri haikuuliza lolote katika hayo. Mwezi wa Julai 1955 uchungu ulipasuka: ghasia zilizuka Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Serikali ikaacha kuwalazimisha watu kukata matuta.

Yafaa kutazama kosa lilikuwa wapi. Tuta lenyewe halikuwa kosa, kwani Mgeta lilifaa. Kosa lilikuwa katika umbo la amri. Kwanza, hali ya shamba la namna moja ilifungwa ndani yake kana kwamba ni hali ya mashamba yote. Pili, mambo mengi yalifungwa mzigo mmoja, hata watu walipoyakataa matuta, mpango mzima ulianguka pamoja nayo. Tatu, amri ilishuka tu, wala haikuwa na njia ya kurudisha habari kwamba imeshindwa. Wazee walinung'unika, lakini manung'uniko yao hayakuhesabiwa kuwa jibu.

Makosa hayo matatu ndiyo waandishi wa programu walioyahangaikia miaka michache baadaye. Mwaka 1964 Douglas McIlroy, wa maabara za Bell huko Marekani, aliandika kwamba programu zapaswa kuungwa kama mpira wa kumwagilia bustani, kipande kwa kipande, kila haja inapotokea. Mwaka 1968, katika mkutano wa Garmisch, Ujerumani, alitaka programu zijengwe kwa vipande vilivyo tayari kutumiwa na yeyote. Mwaka 1973 Ken Thompson aliyatimiza mawazo hayo ndani ya mfumo wa Unix: kitokacho katika programu moja kikaweza kutiririka moja kwa moja hadi programu ya pili, kama maji ya mfereji yapitavyo shamba kwa shamba. Mwaka 1979 sheli ya Stephen Bourne, yaani programu ipokeayo amri za mtumiaji, ilitolewa pamoja na Unix, nayo ikampa msimamizi lugha yenye masharti na marudio ya kuandikia skripti zake.

Chukua skripti ya nakala za akiba. Mwandishi mwenye haraka huandika ndani yake jina la saraka yake mwenyewe na jina la seva yake mwenyewe. Siku ikipelekwa kwingine, hushindwa, au, vibaya zaidi, hufuta kisichostahili kufutwa. Mwandishi mwangalifu huacha nafasi tupu, ili atumiaye ataje mwenyewe saraka na seva. Kazi ya kukusanya mafaili huitenga na ile ya kuyabana, na ile ya kuyasafirisha, ili moja ikiharibika nyingine zisalie. Mwishoni skripti yake hurudisha namba: sifuri ikiwa imefaulu, namba nyingine ikiwa imeshindwa, na amri ifuatayo huitazama namba hiyo kabla ya kuendelea. Amri isiyo na jibu hilo huendelea kubomoa huku ikidhani kwamba inajenga.

Mwaka 1953, amri ya matuta ilipokuwa ingali na nguvu, shule ya serikali za mitaa ilifunguliwa Mzumbe, chini ya milima hiyohiyo, ili kuwafunza watawala wa wenyeji. Shule hiyo ndiyo shina la Chuo Kikuu Mzumbe cha leo. Na mjini Morogoro, tangu mwaka 1984, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi ajifunzaye utawala, ajifunzaye udongo, na ajifunzaye kompyuta huitazama milima ileile kila asubuhi. Wote watatu, siku moja, wataandika amri zitakazotekelezwa mahali wasipokuwapo. Kila mmoja na aulize kwanza ni lipi katika amri yake lililo la Mgeta tu, na Matombo atajibiwa kwa njia gani.