Mji wa Uthiramerur na Kura za Mtungi

Kusini mwa Bara Hindi, katika nchi ya Watamil, upo mji mdogo uitwao Uthiramerur. Kutoka mji mkubwa wa Chennai, uliokuwa ukiitwa Madras mpaka mwaka 1996, ni mwendo wa kama kilomita 90. Na kutoka Kanchipuram, uliokuwa mji wa enzi wa wafalme wa Pallava, ni kama kilomita 30. Una mashamba ya mpunga, una soko, una lambo kubwa la maji, tena una mahekalu ya kale. Wengi waendao kuyatazama mahekalu huinua macho juu kwenye minara. Lakini katika hekalu moja la mji huu kitu kilicho bora kukitazama kiko chini, katika mawe ya msingi.

Mji ulianza katika karne ya nane, zamani za mfalme Nandivarman wa Pili wa ukoo wa Pallava. Desturi ya wafalme wale ilikuwa kuwapa Wabrahmani ardhi iwe yao, nao wakae, wasome vitabu vyao vitakatifu, na kuyatawala mambo ya kijiji chao wenyewe. Uthiramerur ulikuwa kijiji cha namna hiyo. Palichimbwa lambo, likaitwa Vairamegha. Palijengwa hekalu la Sundaravarada Perumal, lenye orofa tatu, na katika kila orofa sanamu ya mungu wao Vishnu: chini amesimama, katikati ameketi, na juu amelala. Kazi yake ni nzuri sana. Hata hivyo nataka twende kwenye hekalu jingine dogo kuliko hilo, la Vaikuntha Perumal, maana ndipo wazee wa kijiji walipoichonga sheria yao.

Sheria hiyo ni ya siku za Parantaka wa Kwanza, mfalme wa Chola, maana Wachola walikuwa wamewashinda Wapallava na kuitwaa nchi. Ilichongwa mara mbili: mwaka 919, na tena mwaka 921. Kwa nini mara mbili katika muda wa miaka miwili? Mtu akisoma maneno ya mara ya pili ataona sababu: mianya iliyoachwa na ya kwanza ilikuwa lazima izibwe. Ya kwanza ilitaka mjumbe awe na umri wa miaka 30 mpaka 60. Ya pili ikataka miaka 35 mpaka 70, na kueleza kwa urefu ni nani asiyefaa kabisa.

Kijiji kiligawanywa mitaa 30. Atakaye jina lake lipigiwe kura sharti awe na shamba lenye kulipiwa kodi, lisilopungua robo ya veli, yaani kama eka moja na nusu kwa hesabu ya siku hizi. Awe na nyumba juu ya kiwanja chake mwenyewe. Tena awe mwenye elimu ya Veda. Mwenye elimu kubwa zaidi aliruhusiwa hata kama shamba lake lilikuwa nusu ya hilo. Aliyekwisha kuwa mjumbe katika miaka mitatu iliyopita hakuruhusiwa. Mwizi hakuruhusiwa. Na yule aliyekuwa katika halmashauri asitoe hesabu ya mali aliyoishika, huyo alifungiwa mlango yeye na jamaa zake pia: wanawe, ndugu zake, shemeji zake, na wana wa shangazi na wa mama wadogo.

Sasa tazama jinsi kura ilivyopigwa. Majina yaliandikwa katika vipande vya majani ya mvumo, yakafungwa matita, mtaa mmoja tita moja, yakatiwa katika mtungi. Watu wote wa baraza, wakubwa kwa wadogo, walikusanyika, na makuhani wa hekalu waliokuwamo kijijini hawakuruhusiwa kukosa. Kuhani mzee kuliko wote alisimama na kuuinua mtungi, watu wote wauone. Kijana mdogo asiyejua lililomo alitoa tita moja; likafunguliwa katika mtungi mwingine mtupu, likatikiswa, naye akatoa jani moja. Mpatanishi alilipokea juu ya kiganja, vidole vyote vitano vimekunjuliwa, ili asiweze kulibadili kwa siri. Akalisoma jina, kisha makuhani wote wakalisoma kwa sauti. Wasomaji watakumbuka kwamba hata Mathiya, aliyeshika mahali pa Yuda, alipatikana kwa kura. Ila mitume hawakuona haja ya kuagiza vidole vikunjuliwe!

Waliochaguliwa walikuwa 30: kumi na wawili wa halmashauri ya mwaka, kumi na wawili wa bustani, na sita wa lambo. Walitumika siku 360, na aliyeonekana na hatia aliondolewa papo hapo. Mwandishi wa hesabu hakupewa kazi mara ya pili mpaka ametoa hesabu zake mwenyewe, wala asimlete mwandishi mwingine azimalizie.

Siku hizi Uthiramerur hutajwa sana. Mwaka 2020, siku ya kuweka jiwe la msingi la jumba jipya la Bunge huko Delhi, Waziri Mkuu Narendra Modi alilitaja andiko hili kuwa ushuhuda kwamba Wahindi walijua kujitawala tangu kale. Neno hili ni kweli kwa sehemu. Mwanamke hakuwa na jani katika mtungi ule. Wala mkulima asiye na shamba. Wala wale walioyazoa matope ya lambo kwa mikono yao. Serikali za vijiji zenye kura ya watu wote, na viti vya wanawake visivyopungua theluthi, zilithibitishwa katika katiba ya India kwa sheria ya mwaka 1992, si na mtungi wa mwaka 921.

Kwa maoni yangu wanaoisifu sheria hii kwa ajili ya kura wanaipunguzia haki yake. Kura ni kitu chepesi. Jambo gumu ni lile la hesabu: watu wenye cheo na mashamba, jamaa kwa jamaa, kukaa pamoja na kukubali kuandika juu ya jiwe, mbele ya watoto wao, kwamba hawaaminiani.

Andiko lenyewe linakwisha kwa unyenyekevu. Aliyeliandika alikuwa mpatanishi wa kijiji. Ametaja jina lake, na kwamba ameandika kwa amri ya wakuu waliokuwa wameketi barazani.