Maji ya Ruaha, Taa za Mlandege

Jina la Mlandege lina makao mawili. Mkazi wa Unguja akilisikia huona maduka na msongamano wa watu jirani na Darajani. Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini huona kata ya mji wa Iringa, mji uliokaa kilimani huku bonde la Ruaha Mdogo likiwa chini yake. Watu wa Mlandege hizi mbili ni nadra kukutana, lakini kwa miaka mingi wameunganishwa na maji. Ruaha Mdogo huteremka kutoka Mufindi, hupita Iringa, huingia katika Ruaha Mkuu, na maji yake huzungusha mitambo ya Mtera kisha ya Kidatu. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975 na kufikia megawati 204 mwaka 1980. Mwaka huo huo wa 1980 waya ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa kubeba megawati 45. Tangu hapo sehemu ya nuru ya Unguja ilikuwa ni mvua iliyonyesha Iringa na Mbeya.

Waliokaa karibu na mvua hiyo hawakupata nuru yake. Nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya mashamba yao ya mahindi na chai, na chini yake koroboi zikaendelea kuwaka. Fundi yeyote atasema kwamba umeme wa msongo ule haushushwi kijijini bila kituo cha kuupoza, na kituo ni ghali. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayajapata kumtosheleza mtu anayesoma kwa moshi wa mafuta ya taa huku nguzo za chuma zikinguruma nyuma ya nyumba yake.

Umeme wa maji haukuwa jambo geni kwa nyanda hizo. TANESCO, iliyoanzishwa mwaka 1931 kama kampuni ya watu binafsi na baadaye kuwa mali ya Serikali, ilikuwa na mtambo wa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, tangu mwaka 1951. Na kule Mbeya mtambo wa Mbalizi ulianza mwaka 1958. Yote miwili ilikuwa midogo, na yote miwili ilikusudiwa mji. Vijijini waliotangulia ni wamisionari. Penye maporomoko jirani na misheni palichimbwa mfereji, pakafungwa gurudumu, na hospitali, karakana na kanisa vikapata taa. Kijana aliyebeba mawe ya mfereji ule alirudi kwao gizani jioni, lakini alirudi akiwa amejua siri yenyewe: kwamba maji yakishushwa kutoka juu kwa bomba yanaweza kuzungusha chuma, na kwamba kazi hiyo haihitaji mto mkubwa kama Ruaha. Kijito cha kawaida cha Ubena au Upangwa kinatosha.

Ndipo habari ya Matembwe inapoingia. Matembwe ni kijiji cha Njombe, na Njombe, pamoja na Ludewa, zilikuwa wilaya za Mkoa wa Iringa hadi mkoa mpya wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA na Jimbo Katoliki la Njombe, paliundwa kampuni iliyobeba jina la kijiji, nayo ikawa na mtambo wa maji. Umeme ule haukuishia kwenye taa. Ulitumika katika kuangua vifaranga na kusaga chakula cha mifugo, na biashara hizo zikasaidia kuuweka mtambo hai. Hapa pana busara ambayo miradi mingi ya baadaye iliisahau. Taa peke yake hulipa kidogo sana; familia yenye balbu mbili haiwezi kulea mtambo. Mashine ya kusaga na kiwanda kidogo ndivyo vinavyonunua umeme mchana, saa ambazo watu wako shambani na maji yangepita bure.

Neno «ushirika» lilikuwa limechafuka nchini kufikia miaka hiyo, hasa baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976. Hata hivyo lilirudi kwa mlango wa umeme. Urambo, mkoani Tabora, watumiaji waliunda ushirika wao mwaka 1993 na kuwasha taa kwa jenereta za dizeli. Waliuweza utawala, kilichowatesa ni bei ya mafuta, na somo hilo mtu wa Iringa mwenye kijito mlangoni hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mfano uliokomaa zaidi ni wa Mawengi, wilayani Ludewa. Jumuiya ya watumiaji wa huko huitwa LUMAMA, jina lililofumwa kwa mianzo ya Lupande, Mawengi na Madunda. Shirika jingine la Kiitaliano, ACRA, lilileta fedha na mafundi, na wanavijiji wakaleta mikono yao kwa msaragambo: kuchimba, kubeba mawe, kusimamisha nguzo. Umeme ulianza kupita mwaka 2010, na mtambo ukafikia kilowati 300. Kwa hesabu za Kidatu hicho ni kitu cha kuchekwa. Lakini mtumiaji ndiye mwanachama, mwanachama ndiye mpiga kura, na wanaosimamia ankara na mafundi ni watu anaoweza kuwakuta njiani na kuwauliza. Tofauti yake na Mwenga, ule mtambo wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012 kule Mufindi, iko hapo. Mwenga ni wa kampuni, huuza umeme wake kwa TANESCO na kwa vijiji, nao umewafaa wengi. Lakini mwanakijiji wa Mwenga ni mteja, na mwanakijiji wa Mawengi ni mteja na mwenye duka.

Kwa Mzanzibari tofauti hii ilipata maana yake katika giza. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa bara; kisha giza likarudi Disemba 2009 na kudumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilinyamaza, madumu yakapangwa foleni, samaki wakaoza. Waya mmoja uliharibika Fumba, na kisiwa kizima hakikuwa na la kufanya ila kumngoja fundi. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 ulifika mwaka 2013, na kwa hakika ulileta nafuu. Ila kisiwa kiliendelea kuwa mteja.

Sheria nayo ilikuwa imeanza kulegea. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwapa wazalishaji wadogo mahali pa kusimama. Kisha mwaka 2020 Serikali iliwaagiza wenye mitambo ya vijijini wauze kwa shilingi 100 kwa uniti, sawa na bei ya TANESCO vijijini. Mama mwenye balbu mbili hakuwa na sababu ya kulalamika: kwa nini alipe zaidi ya mtu wa mjini? Lakini shirika la taifa hufidia hasara ya kijiji kwa faida ya Dar es Salaam, na mtambo wa bonde moja hauna Dar es Salaam yake. Haki ya kijiji kupanga bei katika mkutano wake ndiyo iliyoguswa, na iliguswa kwa jina la kumsaidia mwanakijiji.

Palipo na maji pana ugomvi wa maji. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi yake, na mwaka 2006, Mtera ilipopungua na mgawo wa umeme kuibana nchi, lawama ziliangukia Usangu, Mbeya. Wafugaji waliamriwa kuhama na ng'ombe wao, na wengi wakasukumwa hadi Lindi na Pwani. Waliohamishwa hawakuwa na swichi ya kuzima wala kuwasha.

Ludewa na Njombe ugomvi huo upo pia, kwa kipimo chake. Oktoba ikifika, vijito hupungua, na wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolisha nyumba mpaka mvua zirudi, huelekeza maji kwenye matuta ya mboga na mahindi mabichi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe kando ya mto. Mtambo nao unataka maji. Lakini mwenye kinyungu ana mita ya umeme ukutani kwake, na anayelalamikia taa kufifia ana kinyungu chake bondeni; basi hukaa benchi moja katika mkutano wa jumuiya, na anayekuja na hoja ya kufunga mfereji wa mwenzake anajua kwamba wa kwake utatajwa baada ya hapo.