Mtama, uwele na mlenda: chakula cha Dodoma kwenye sahani ya Dodoma

Ingia kwa mama lishe Dodoma saa saba mchana, utaulizwa: "Wali au ugali?" Ugali huo ni wa sembe, na mara nyingi mahindi yake yametoka mkoa mwingine. Mtama uliovunwa kijijini kwako haumo. Wapo wanaouita chakula cha njaa. Msikilizaji, tuutazame upya.

Kwa nini unastawi hapa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Mjini hunyesha kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Mvua ikikatika wakati mahindi yanachanua, mavuno yamepotea. Mtama hukunja majani na kusubiri, mvua ikirudi unaendelea. Uwele huvumilia ukame zaidi. Yote mawili ni mazao ya asili ya Afrika, wakati mahindi yalitoka Amerika.

Faida mwilini

Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, pumba na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya madini ya chuma na vitamini. Mtama na uwele ukisagwa mzima hubaki navyo. Ila unga wa uwele una mafuta na huchacha upesi, hivyo saga wa wiki moja tu.

Kama ugali wa mtama uliwahi kukushinda kwa uchungu, huenda ulikuwa mtama mwekundu. Uchungu huo huwafukuza hata ndege shambani, na wengi huutumia kwa pombe. Kwa ugali chagua mweupe, kama mbegu ya Macia. Upepete, uuoshe mchanga, uuanike vizuri, ndipo upeleke mashine.

Mboga yake

Mlenda huchumwa bure wakati wa mvua. Ukaushe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A, kisha utwange na kuuhifadhi kwa kiangazi. Upike na nyanya na karanga zilizotwangwa. Nyanya au ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai huyazuia, kwa hiyo inywe saa moja baada ya kula.

Hesabu ya ghala

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mtama unauzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha sembe inanunuliwa Januari, bei ikiwa juu. Piga hesabu kabla ya kuuza. Nyumba inayotumia kilo 1 ya unga kwa siku inahitaji karibu kilo 180 kuanzia Oktoba hadi Machi. Hayo ni magunia mawili ya kilo 100, ukiacha akiba kidogo. Yatenge kwanza, kinachobaki ndicho cha sokoni.

Kwa mama lishe na mteja

Mama lishe, usibadilishe biashara yote. Chagua siku moja ya wiki, pika sufuria ndogo ya ugali wa mtama kwa mlenda wa karanga, na uwatangazie wateja siku moja kabla. Nunua mtama kwa mkulima wa jirani.

Nawe mteja, uliza: "Mama, leo kuna wa mtama?" Akiulizwa na watu watano, wiki ijayo ataupika.