Presha Sugu na Umeme wa Shingoni

Hebu weka vidole viwili pembeni mwa koo, bila kubonyeza. Unahisi mapigo? Ukutani mwa ateri hiyo kuna vipokezi vinavyopima presha na kuupelekea ubongo taarifa kupitia neva. Presha ikipanda, ubongo unaamuru moyo upunguze kasi na mishipa ilegee. Heinrich Hering alilieleza hili miaka ya 1920.

Miaka ya 1960, madaktari wa Marekani wakajiuliza: kwa nini tusiudanganye ubongo? Wakapandikiza vifaa vya kuchochea neva hizo kwa umeme. Presha ikashuka kweli! Ila upasuaji ulikuwa mgumu, na vidonge vilikuwa vinazidi kuwa bora. Wazo likawekwa kando.

Likafufuka miaka ya 2000, maana wapo wagonjwa ambao hata dawa 3 kwa pamoja haziwatoshi. Kifaa kiitwacho Rheos kikapandikizwa kwa watu 265, lakini baadhi yao hakikuwashwa kwa miezi 6 ya kwanza. Matokeo yalipotoka 2011, presha ilikuwa imeshuka hata kwa hao! Tofauti kati ya makundi haikufikia lengo.

Kwa hiyo ukisikia eti kifaa fulani "kinashusha presha", uliza kwanza: na kwa wale ambao hakikuwashwa, je?